MAISHA YA DAKTARI BARNARDO, RAFIKI WA WATOTO WA MITAANI

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Kabla sijawapeleka Ulaya ya kale, nina deni moja ambalo lazima nilitaje hapa mwanzoni.

Siku ya kufunga shule muhula uliopita, tulikuwa kundi la wanafunzi sita pale kwenye steji ya matatu. Sare zetu zilikuwa safi, masanduku yako miguuni, nasi tunatafuna mahindi ya kuchoma. Akaja kijana mmoja mwenye koti lililofika magotini na chupa ya gundi mkononi. Alikuwa akikohoa kile kikohozi cha ndani kinachomfanya mtu ashike mbavu. Akanitazama, kisha akaniita kwa lile jina la utani nililopewa shule ya msingi. Moyo ulinidunda. Nilimtambua papo hapo. Tuliketi dawati moja tangu darasa la nne hadi la sita, na hesabu za kugawanya ni yeye aliyenifunza. Aliniomba shilingi hamsini akanunue dawa ya kifua. Nami, kwa kuogopa kwamba wenzangu wangenicheka, nikageuza uso nikajifanya simjui. Akasimama kidogo, halafu akaenda zake. Matatu ikaja, nikapanda.

Basi muhula huu mwalimu mlezi wa chama alipotutaka kila mmoja aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani, wenzangu walichagua Shaaban Robert, Mekatilili na Wangari Maathai. Mimi nilimchagua mzungu mmoja mfupi wa kimo. Wale mnaoishi Nairobi huenda mmepita makao ya watoto yaitwayo Thomas Barnardo House, upande wa Barabara ya Lang'ata. Mimi nilipita hapo mara nyingi nikidhani ni jina la mwenye ploti. Kumbe!

Thomas John Barnardo alizaliwa tarehe 4 Julai 1845 mjini Dublin, nchini Ayalandi. Mwaka huo huo viazi vya Ayalandi vilianza kuoza mashambani, na ile njaa kubwa ikaanza. Lakini nyumbani kwao Thomas hakukukosekana chakula. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa ngozi za manyoya aliyehamia huko kutoka Hamburg, Ujerumani. Shuleni Thomas hakung'ara, na wengi walimwona kijana mkaidi apendaye kubishana. Mwaka wa 1862 aliokoka, na baadaye akataka kwenda China kuhubiri Injili. Mwaka wa 1866 alifunga safari hadi London kujitayarisha kwa kazi hiyo. Akaamua pia kusomea udaktari katika Hospitali ya London, mtaa wa Whitechapel, ili atakapofika China awe na tiba mkononi.

China hakufika asilani.

Mwaka aliowasili ndio kipindupindu kilipovamia mashariki mwa London. Ugonjwa huo uliletwa na maji ya kunywa yaliyochanganyika na uchafu, nao uliua maelfu ya watu katika muda wa miezi michache tu. Barnardo alizunguka nyumba kwa nyumba akisaidia wagonjwa. Ndugu msomaji, fikiria vyumba ambamo familia nzima yalala katika chumba kimoja, choo ni cha watu mia, na mfereji wapita mlangoni. Wazazi walipokufa, watoto walibaki. Na walipobaki bila kodi, mwenye nyumba aliwatoa. Hivyo ndivyo mtoto alivyofika barabarani. Hakuzaliwa huko.

Barnardo akaanzisha shule ya bure kwa watoto maskini mwaka wa 1867, katika jengo duni mtaani Stepney. Watoto walifika na matambara, wengine bila viatu, wakafundishwa kusoma. Usiku mmoja wa baridi kali, masomo yalipokwisha, mvulana mmoja aitwaye Jim Jarvis, wa miaka kama kumi hivi, hakutaka kuondoka. Alitaka alale karibu na moto. Barnardo alimwambia aende nyumbani, mama yake angekuwa na wasiwasi. Jim akajibu kwamba hana mama, hana baba, na hana nyumba. Barnardo hakuamini, alidhani ni uongo wa kitoto. Alimuuliza kama kuna wengine kama yeye, naye Jim akasema wako wengi mno hata hawezi kuwahesabu.

Hapa ndipo Barnardo alipofanya jambo ambalo mimi pale kwenye steji nilishindwa kulifanya. Alimpa mtoto kahawa na chakula, kisha akamwambia amwongoze akaone kwa macho yake. Usiku wa manane wakaingia vichochoro vya sokoni kunakouzwa mitumba. Jim akapanda ukuta, Barnardo naye akapanda nyuma yake. Juu ya paa, bila blanketi wala gunia, walikuwa wamelala wavulana kumi na mmoja, vichwa upande wa juu na miguu kwenye mfereji wa maji ya mvua. Jim akauliza kama awaamshe. Barnardo akakataa, kwa kuwa hakuwa na mahali pa kuwapeleka.

Kisa hiki alikisimulia Barnardo mwenyewe mara nyingi, naye alikuwa mtu ajuaye kutia hadithi chumvi. Hata hivyo, kwamba watoto walilala nje London, hilo halina ubishi.

Mwaka wa 1870 alifungua nyumba ya kwanza ya wavulana katika barabara iitwayo Stepney Causeway. Alikuwa ameapa kuwa hataingia kwenye deni, kwa hivyo alipokea watoto kulingana na pesa alizokuwa nazo. Usiku mmoja mvulana wa miaka 11 aitwaye John Somers aliomba aingizwe. Wenzake walimwita Karoti kwa sababu ya wekundu wa nywele zake. Mama yake alikuwa amemtupa barabarani tangu akiwa mdogo sana. Nyumba ilikuwa imejaa. Barnardo alimwahidi nafasi itakapopatikana, siku chache tu zijazo. Siku hizo hazikufika. Karoti alikutwa amekufa ndani ya pipa tupu alimolala. Daktari walipomchunguza walisema ni njaa na baridi.

Jamani, tusome hapa polepole. Karoti hakuuawa na jambazi wala gari. Aliuawa na jibu la adabu, kwamba nyumba imejaa, ajaribu kesho. Mtu aliyekula hupata joto kutokana na chakula chake. Asiyekula na nguo zake zimelowa hupoteza joto hilo kidogo kidogo, usingizi mzito ukamchukua, na asubuhi haamki. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Tangu siku hiyo Barnardo alibadilika. Aliweka ubao mlangoni uliotangaza kwamba hakuna mtoto asiye na makao atakayekataliwa. Baadaye alifungua nyumba nyingine katika miji mbalimbali ambazo milango yake haikufungwa usiku wala mchana. Kile kiapo cha kutokuwa na deni kilikufa pamoja na Karoti, na mpaka mwisho wa maisha yake Barnardo aliishi na madeni hadi shingoni. Wahasibu walimlaumu, lakini yeye mlango hakuufunga.

Sasa niwaeleze jinsi nyumba zile zilivyofanya kazi, maana hapa ndipo udaktari wake ulipoonekana. Mtoto akiletwa usiku, jambo la kwanza halikuwa mahubiri. Alioshwa kwa maji moto, nywele zikanyolewa kwa sababu ya chawa, matambara yake yakaondolewa. Leo twajua kuwa chawa huambukiza homa mbaya sana. Akala. Kisha akachunguzwa: kifua, macho, ngozi, miguu. Wengi walikuwa na upele, vidonda vya miguu, macho mabaya na vifua vibovu. Waliougua sana walitibiwa, na hatimaye pale pale Stepney kukawa na hospitali ya watoto hao. Viwete na vipofu nao walipokelewa.

Isitoshe, Barnardo alijua kuwa kijana wa miaka kumi na sita hatulizwi kwa uji na kitanda tu. Alimpa kazi. Palikuwa na ushonaji wa viatu, useremala, utengenezaji wa brashi na upasuaji wa kuni za kuuza. Vijana wakubwa ambao watu walishawakatia tamaa walifunguliwa nyumba yao ya kazi. Mwaka wa 1872 alikusanya pesa akanunua baa moja kubwa yenye sifa mbaya mtaani Limehouse, akaigeuza mkahawa wa kahawa, ili wazazi wapate pa kuketi pasipo pombe. Alikuwa ameona kuwa ufa wa nyumba nyingi ulianzia kwenye chupa, na usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwaka wa 1873 alimwoa Syrie Elmslie, na wakapewa zawadi ya arusi ya nyumba huko Barkingside, nje ya London. Hapo walianza kulea wasichana, lakini kwa kuwaweka wengi pamoja katika jengo moja mambo yalikwenda mrama. Wasichana waliharibiana tabia. Barnardo akakiri kuwa alikosea. Mwaka wa 1876 akafungua kijiji kizima cha nyumba ndogo ndogo, kila nyumba na mama mlezi wake, wakubwa na wadogo wakiishi pamoja kama ndugu. Kijiji kilikua hata kikalea zaidi ya wasichana 1,000. Yeye na mkewe walijaliwa watoto saba, watatu wakafa wakiwa wadogo. Binti yao Marjorie alizaliwa na ulemavu wa akili, na inasemekana alimfanya baba yake azidi kuwahurumia watoto wenye ulemavu.

Lakini wasomaji, hakuna mkamilifu chini ya jua, nami sikuandika makala haya ili kumpaka mtu mafuta. Barnardo alikuwa na makosa, na mengine yalikuwa makubwa.

Kwanza, alijiita daktari kabla ya kufuzu. Watu walipoanza kuuliza, ndipo alipokwenda Edinburgh akafanya mtihani na kupata cheti mwaka wa 1876. Pili, aliwapiga watoto picha za kuuza ili apate michango. Picha moja ilimwonyesha mtoto alivyofika, na nyingine alivyotengenezwa. Baadhi ya picha hizo zilikuwa za kuigiza: mtoto alivishwa matambara kuliko hata aliyokuja nayo. Mwaka wa 1877 mashtaka yake yalisikizwa na wasuluhishi. Walimwondolea lawama ya kula pesa, lakini picha hizo za uongo walizikemea. Hata mimi nazikemea. Umaskini wa mtu si tangazo la biashara.

La tatu ndilo zito zaidi. Alichukua watoto wengine bila idhini ya wazazi wao, akiamini yeye ndiye ajuaye lililo jema kwao. Alipelekwa kortini mara nyingi, na baadhi ya kesi alishindwa. Mwaka wa 1882 alianza kutuma watoto Kanada, wakafanye kazi mashambani. Kufikia miaka ya 1930 shirika lake lilikuwa limepeleka takriban watoto 30,000. Kuna waliofaulu, wakapata ardhi na familia. Kuna pia waliochapwa, waliofanyizwa kazi kama punda, walionyimwa shule, na waliokufa bila kumwona ndugu yao tena. Wengi hawakuulizwa kama wanataka kwenda. Mwezi wa Februari 2010 Waziri Mkuu wa Uingereza, Gordon Brown, aliwaomba msamaha hadharani wote waliopelekwa ng'ambo wakiwa watoto.

Ajabu, sivyo? Mtu yule yule aliyeanza kazi yake kwa kumuuliza mtoto mmoja swali, kisha akamfuata hadi juu ya paa, alipokuwa mkubwa na maarufu aliacha kuuliza.

Barnardo alifariki tarehe 19 Septemba 1905 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 60. Siku hiyo nyumba zake zilikuwa 96, zikilea zaidi ya watoto 8,500. Katika uhai wake watoto wapatao 60,000 walikuwa wamepitia mikononi mwake. Watu wa mashariki mwa London walijaa barabarani kuutazama mwili wake ukipita, wengi wao wakiwa wale waliowahi kulala kwenye barabara zizo hizo. Alizikwa Barkingside, katika kile kijiji cha wasichana.

Nilipomaliza kusoma habari hizi sikulala vizuri. Karoti alikuwa akinikumbusha mwenzangu. Hesabu ya serikali ya mwaka wa 2018 ilipata zaidi ya watu 46,000 waishio mitaani humu Kenya. Sisi huwaita chokoraa, kana kwamba walizaliwa jaani. Huwa tunawaogopa kwa sababu ya gundi, lakini hatujiulizi kwa nini wanaivuta. Mmoja wao aliniambia kuwa ukiivuta husikii njaa wala baridi. Gundi yawadanganya tu. Njaa iko palepale, na mvuke wake huumiza ubongo, mapafu, ini na figo.

Likizo fupi ilipofika nilimwomba kaka yangu anisindikize, tukarudi pale kwenye steji mchana. Niliuliza, nikapelekwa nyuma ya soko. Mwenzangu alikuwa amelala juu ya katoni, amekonda. Aliponiona alicheka, akaniuliza kama siku hii namjua. Nilimwomba msamaha. Hakusema kitu, alisogea tu nikakaa.

Nilitaka mara moja kumtafutia makao ya watoto. Nikamkumbuka Barnardo na Kanada, nikauliza kwanza. Akasema hataki. Aliwahi kuwekwa mahali akachapwa, akatoroka. Alichotaka ni kifua chake kipone, kisha apate nauli ya kwenda kwa nyanya yake. Basi tukaanzia hapo. Tulimpeleka zahanati, makohozi yakapimwa, na ikabainika ni kifua kikuu. Dawa zake hazilipiwi katika hospitali za umma, lakini ni za miezi sita, kila siku, bila kukosa. Muuguzi akauliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria: mgonjwa asiye na nyumba ataziweka wapi dawa, na nani atahakikisha amezimeza? Kaka yangu alinyamaza. Mimi nilinyamaza. Mama mmoja anayeuza chai hapo kwenye steji, ambaye humpa mandazi yaliyobaki jioni, ndiye aliyekubali. Kila asubuhi anamtolea vidonge vyake pamoja na kikombe cha chai.

Hadi ninapoandika, amemeza dawa kwa wiki saba. Kama atamaliza miezi sita sijui. Gundi bado hajaiacha, ingawa aniambia ameipunguza. Kwa nyanya bado hajaenda. Sitawadanganya kwa kuwaonyesha picha mbili kama za Barnardo.

Ombi langu kwa wanachama ni dogo. Pesa za tamasha letu la muhula huu, tulizopanga kununulia fulana, tuzigawe. Nusu iende kwa nauli ya huyu kijana na unga wa nyanya yake. Na nyinyi mnaosoma, mkikutana na kijana wa mitaani anayekohoa kwa zaidi ya wiki mbili, msimpite. Mpelekeni zahanati, au mweleze mtu mzima mnayemwamini. Mtoto akiwa hatarini, simu nambari 116 hupigwa bure popote Kenya. Na mkishindwa na hayo yote, angalau mwiteni kwa jina lake.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Barnardo aliijua siri ya watoto wa London kwa sababu alipanda juu ya paa. Mimi nimeanza kuchelewa, lakini nimeanza. Shilingi hamsini nimezilipa, ila lile deni lingine bado.

Tamati.